Mimi natozwa kodi kwenye mauzo, kampuni inatozwa kwenye faida. Nani aongezewe?

MamaVitenge_Mbeya:

Habari zenu wakuu.

Nauza vitenge na mashuka Mwanjelwa, Mbeya. Mzigo nachukua Kariakoo, unapanda basi usiku, asubuhi vijana wa mkokoteni wananishushia dukani. Nina TIN (namba ya mlipakodi), leseni na mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi. Kampuni sina. Kila bajeti ikisomwa nasikia mabishano yale yale: hawa wanataka makampuni na matajiri waongezewe kodi, wale wanasema hao ndio wanaoibeba nchi, wasiguswe. Naomba safari hii tubishane kwa hesabu, maana za kwangu zinaniuma.

Mwaka jana niliuza kama milioni 60. Ukiisikia hiyo namba unaona tajiri anaongea. Lakini kwenye kila elfu kumi ya mauzo, elfu nane imeshaenda kwa aliyeniuzia mzigo. Inayobaki inalipa nauli ya mzigo, pango la fremu, binti anayenisaidia, mlinzi, umeme na ushuru mdogo mdogo wa soko. Mwisho wa mwaka mkononi ilibaki kama milioni 6. Hiyo ndiyo inayonilisha mimi na wanangu.

Kodi ya makadirio kwa mtu mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo. Narudia: ya mauzo. Kwa hiyo kwangu inakuja kama milioni 2 na laki moja, inatoka kwenye ile milioni 6. Hiyo ni asilimia 35 ya kilichobaki. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida. Mimi wa fremu moja nimewapita!

Na huo ulikuwa mwaka mzuri. Wateja wa Tunduma na wa ng'ambo ya mpaka wakipungua, nalazimika kuuza kwa bei ya kuokoa mtaji. Faida ikishuka hadi milioni 3 huku mauzo yakibaki pale pale, kodi haishuki hata shilingi. Hapo nimelipa asilimia 70. Nikipata hasara, bado nalipa.

Kampuni ikipata hasara haidaiwi kodi ya mapato kwa mwaka huo. Ikiandika hasara miaka mitatu mfululizo, mwaka wa tatu ndipo inapotozwa ile kodi mbadala ya kima cha chini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 0.5 ya mauzo. Hata ukiizidisha mara mbili haifiki theluthi ya 3.5 yangu.

Mtazame na mwajiriwa. Kaka yangu ni mwalimu. Mshahara wa laki tisa unaokatwa kodi unatozwa 103,000 kila mwezi, kabla haujamfika mkononi. Kiwango cha juu kabisa, asilimia 30, kinaanzia milioni moja kwa mwezi na hapo ngazi zinaisha. Mwenye milioni moja na nusu na mwenye milioni arobaini, shilingi ya mwisho ya kila mmoja inakatwa sawa.

Juni 2024, Kariakoo walipofunga maduka na sisi Mbeya tukafunga, tuliambiwa wafanyabiashara hatutaki kulipa kodi. Mimi nataka kulipa. Wanangu wamesoma shule ya serikali, mzigo wangu unapita barabara ya serikali. Ninachouliza ni kama wenye nacho wanapimwa kama ninavyopimwa mimi. Kama hawapimwi, waongezewe nini hasa? Asilimia, au kitu kingine?

---

Mhasibu_AreaD:

Dada, hesabu yako iko sawa, na si watu wengi wanaoipiga mpaka mwisho. Nafanya kazi ya hesabu za watu hapa Dodoma, kuanzia maduka ya vipuri mpaka makampuni ya kati. Nakujibu lile la mwisho.

Kuipandisha 30 ya makampuni iwe 35 si mahali ambapo mimi ningeanzia. Tajiri wa nchi hii mara nyingi hali mshahara. Anakula gawio (faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa), riba na pango, na kila kimoja kina kiwango chake. Gawio linakatwa asilimia 10 tu, na kama kampuni imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, asilimia 5. Ni kweli kampuni yenyewe imeshalipa 30 kabla ya kugawa, kama kweli ilionyesha faida. Pango la nyumba, asilimia 10. Kaka yako mwalimu akiongezwa mshahara, kwenye ngazi aliyopo anakatwa 25 ya nyongeza.

Halafu zipo hati fungani za serikali. Mwaka 2021 serikali iliuza za miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95. Riba ile haikatwi kodi. Mwenye bilioni moja aliyeziwahi anapokea kama milioni 159 kwa mwaka, safi, mpaka zitakapoiva. Naelewa sababu: serikali inataka watu waikopeshe kwa muda mrefu. Lakini muuza vitenge anayemenyeka mwaka mzima apate milioni 6 analipa milioni 2, na anayesubiri riba halipi kitu. Mtu akinionyesha haki ilipo hapo nitamsikiliza.

Kodi ya mirathi hatuna. Kodi ya utajiri kwa jumla yake hatuna. Kwa hiyo unaposema matajiri waongezewe, mimi nasema kwanza mali zao zifikiwe.

---

Kiwandani_Dar:

Nitasema tofauti, na naomba nisomwe mpaka mwisho.

Nipo kiwandani, upande wa manunuzi. Dada anasema kampuni inatozwa kwenye faida tu. Hapana. Kuna ushuru wa huduma wa halmashauri, huo unapigwa kwenye mauzo ghafi kama wa kwake. Kuna tozo ya kuendeleza ujuzi juu ya mishahara, kuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kuna ada za taasisi ambazo kila moja inakuja na mkaguzi wake na siku yake. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tunaikusanya bure kwa niaba ya serikali, na marejesho yake viwanda vingi vinayasubiri muda mrefu huku mtaji umekwama. Walipakodi wakubwa ni wachache sana nchi hii, na sehemu kubwa ya makusanyo inatoka kwao. Ukizidi kukamua hao hao, mwekezaji anahesabu na kwenda kwingine, na anayeachwa ni kijana wa kupakia mzigo.

Mnakumbuka 2017 na makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa unasafirishwa nje? Kontena 277 zikazuiwa bandarini, kampuni ya dhahabu ya Acacia ikaletewa madai ya kodi ya dola bilioni 190. Tulishangilia wote. Mwisho wake ilikuwa dola milioni 300, na mwaka 2020 yakatiwa saini makubaliano ya Twiga, kampuni ya ubia ya serikali na Barrick, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Siyo kidogo, na mrabaha wa asilimia 6 uliowekwa ule mwaka 2017 upo mpaka leo. Lakini kati ya 190 bilioni na 300 milioni kuna umbali. Kutaja namba kubwa ni rahisi kuliko kukusanya.

Na matajiri wana majumba, wanalipa kodi ya majengo kama kila mtu.

---

MamaVitenge_Mbeya:

Kaka wa Kiwandani, asante kwa kuandika kwa utulivu. La VAT nakubaliana nawe. Pesa ya mtu irudishwe kwa wakati, awe mkubwa au mdogo.

Hilo la majengo ndilo siwezi kulipitisha, maana umelisema vizuri kuliko ulivyokusudia: "kama kila mtu". Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwaka 2023 ikapandishwa ikawa 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani 1,500 kwa mwezi, na ghorofa za mijini 90,000 kwa kila sakafu. Nyumba ya kawaida maana yake isiyo na ghorofa. Nyumba ya vyumba viwili Tandale inalipa 1,500. Jumba la chini lenye bwawa la kuogelea Masaki, mbele yake bahari, uwanja wake unauzwa kwa dola, linalipa 1,500. Hicho ndicho "kama kila mtu".

Tena mara nyingi anayelipa hata si mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji. Umeme nanunua mimi, mwanzo wa mwezi ile 1,500 inakatwa kwangu. Kwa utaratibu nilitakiwa nimkate mwenye nyumba kwenye pango. Nani atamkata mwenye nyumba wake wakati mkataba ni wa miezi sita na wanaotaka chumba hicho wamejaa? Kodi iliyoandikwa kwa ajili ya mwenye mali imeangukia kwa asiye na mali, na hakuna aliyepiga kelele kwa sababu ni 1,500. Kwangu 1,500 ni mboga ya siku.

Thamani ya nyumba inajulikana. Anayenunua anaijua, benki inayokopesha inaijua, dalali anaijua mpaka sebule. Hapa hatuhitaji kumkimbiza mwekezaji yeyote, maana jumba la Masaki halipandi ndege. Litozwe kulingana na thamani yake, na nyumba ya Tandale iachwe kwenye hiyo 1,500 au isamehewe kabisa.

Tozo ya miamala nayo sijaisahau. Julai 2021 tuliamka muamala mmoja unaweza kukatwa mpaka 10,000 juu ya makato ya mtandao. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye wakaendelea kuipunguza. Mimi nalipia mzigo kwa simu, mama yangu namtumia hela ya dawa kwa simu. Nchi ilipohitaji fedha haraka, ilijua njia ya kufika kwenye simu yangu ndani ya wiki mbili za mwaka wa fedha. Kwa nini njia ya kufika Masaki inachukua miaka?

---

Mama_wa_Kitengela:

Salamu kutoka Kenya, dada yangu. Hilo lako la mauzo na faida limefika mpaka kortini kwetu, na wenye baa wa huku Kitengela ndio walioongoza kesi.

Serikali ilileta ushuru wa kima cha chini, asilimia 1 ya mauzo, kuanzia Januari 2021, ili kampuni zinazotangaza hasara kila mwaka nazo zitoe kitu. Mahakama Kuu ya Machakos ikaufuta Septemba 2021, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Desemba 2022. Hoja ilikuwa kwamba ushuru wa mapato hutozwa kwenye faida, na kumtoza mtu mauzo akiwa na hasara ni kumla mtaji. Mimi nina duka dogo la vyakula na niliishangilia hukumu hiyo.

Mwaka 2023 Bunge likapandisha ushuru wa mauzo wa biashara ndogo, zile za kati ya milioni 1 na milioni 25 za Kenya kwa mwaka, kutoka asilimia 1 hadi 3. Ya mauzo! Yaani ile hoja ya kumla mtu mtaji ilisimama kwa kampuni, kwa duka langu haikusimama. Mafuta ya gari nayo yakapandishwa VAT kutoka 8 hadi 16 mwaka huo huo, na hiyo inaingia kwenye kila gunia ninalosafirisha.

Kitu kimoja kizuri niwape: sheria hiyo hiyo ya 2023 iliwawekea wenye mishahara minono ngazi mbili mpya, asilimia 32.5 juu ya laki tano kwa mwezi na 35 juu ya laki nane. Kwa hiyo ngazi za juu zinawezekana. Lakini hazikututuliza, kwa sababu mwaka uliofuata walirudi kwenye mkate. Mswada wa 2024 ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Wakauondoa mkate kabla ya kura, ila watoto wetu walikuwa wameshaingia barabarani. Tarehe 25 Juni wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akakataa kutia saini. Huwa nawaambia wanaosema kodi ni mambo ya wataalamu: huku kwetu ilizikwa pamoja na majeneza.

---

Mtwara_Stavanger:

Wakuu, naishi Norway, mji wa Stavanger, kazi yangu ni uuguzi. Watu husema huku matajiri wanatozwa sana, basi niwaeleze ninavyoona.

Kampuni ya kawaida huku inalipa asilimia 22 ya faida. Ndiyo, chini ya 30 ya Tanzania. Lakini mwenye kampuni akijigawia hiyo faida, gawio lake linakatwa karibu asilimia 38. Mhasibu wa Dodoma ametaja 10 na 5. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kampuni inaachwa ipumue ikuze kazi, na pesa ikitoka kwenda kwenye mfuko wa mtu ndipo inapokutana na kodi.

Juu ya hapo kuna kodi ya utajiri, kama asilimia 1 kwa mwaka ya mali ukishatoa madeni. Aliyosema wa Kiwandani yana ukweli: ilipopandishwa kidogo mwaka 2022, mabilionea kadhaa walihamia Uswisi. Serikali ikajibu kwa kubana sheria ya anayehama na faida ya hisa ambayo haijalipiwa kodi.

Kampuni za mafuta na gesi ni kitu kingine kabisa: asilimia 78 ya faida. Mji ninaoishi umejengwa na mafuta, makao makuu ya kampuni ya mafuta ya Equinor yako hapa, na visima vinaendelea kuchimbwa. Mimi mtoto wa Mtwara nalisema hili kwa sababu Equinor hiyo hiyo ina gesi kwenye kina cha bahari yetu, kule Lindi na Mtwara, na mazungumzo ya mradi wa LNG, yaani kuigeuza gesi iwe kimiminika, yamekwenda miaka. Gesi haihami. Tusikubali kutishwa kwamba tukidai haki yetu watakimbia wakati nyumbani kwao wanalipa 78. Tofauti ni kwamba huku serikali nayo inabeba sehemu ya gharama na hasara zao, na sheria haibadiliki kila Juni. Hivyo viwili tuvidai pamoja.

Na kingine: kila mwaka kipato na mali ya kila mtu aliyetozwa kodi vinaweza kutafutwa na yeyote. Ukimtafuta mtu, naye anaona nani kamtafuta. Nilishtuka nilipofika. Sasa naona ndiyo maana watu huku wanalipa bila kununa sana.

---

Kiwandani_Dar:

La jumba la Masaki nimelikosea jibu, kaka zangu na dada zangu. La gawio pia limenifikirisha. Bado nasimama kwenye moja: vitu hivyo vikiguswa, basi zile tozo za mauzo na ada za taasisi zipunguzwe kwetu na kwa dada. Isiwe nyongeza juu ya nyongeza.

---

MamaVitenge_Mbeya:

Hapo tumekutana, kaka. Mhasibu, nikuulize jambo la kwangu binafsi. Hakuna njia ya mimi kutozwa kwenye faida kama kampuni?

---

Mhasibu_AreaD:

Ipo, na wengi hawaambiwi. Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu mtu binafsi mwenye mauzo chini ya milioni 100 kuchagua kutotumia makadirio ya mauzo, akatozwa kwenye faida kwa viwango vile vile vya mwajiriwa. Kwa mwaka, milioni 3.24 za kwanza hazitozwi, zinazofuata mpaka milioni 6.24 ni asilimia 8. Faida yako ya milioni 6 ingelipa 220,800.

Ndiyo, umesoma sawasawa. 220,800 badala ya milioni 2 na laki moja.

Sasa ugumu wake. Gharama inakubaliwa kama ina risiti ya EFD. Kijana wa mkokoteni hana. Mlinzi hana. Baadhi ya wanaokuuzia Kariakoo watakuandikia pungufu au hawatakupa kabisa, na kila risiti inayokosekana inageuka faida kwenye karatasi. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kukusanya karatasi hizo, wewe una binti mmoja wa dukani. Mwaka 2024 Rais aliunda Tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Kama ningekuwa na dakika tano mbele yao ningelisema hili tu: mruhusuni mfanyabiashara mdogo aandike gharama zisizo na risiti mpaka kiwango fulani, na haki ambayo tayari iko kwenye sheria itamfikia.

Ukitaka kujaribu, anza na mwaka mpya wa hesabu, na taarifa iwe imeandikwa kabla ya makadirio ya mwezi Machi. Kuanzia leo usipokee mzigo bila risiti yenye TIN yako.

---

MamaVitenge_Mbeya:

Milioni 1 na laki nane na ushee. Hiyo ni ada ya wanangu na mtaji wa mzigo mmoja. Nimeituma kwenye kundi la wanawake wa soko, na tayari watatu wanauliza kama inawahusu wenye maduka ya viatu. Nawajibu inawahusu?

---

Mhasibu_AreaD:

Inawahusu wote walio chini ya milioni 100, maduka ya viatu, mchele, vipuri. Isipokuwa yule ambaye faida yake ni kubwa sana kwa mauzo madogo, kama fundi cherehani asiyenunua kitambaa, huyo makadirio yanaweza kumfaa zaidi. Kila mmoja apige hesabu yake kwanza, mauzo na faida, kama ulivyofanya juu.